Kipupwe Ni Msimu wa Wawili

Somo kwa wanandoa wa ushirika wetu, Awasse

 

Wapendwa wa Mtwara, Newala na Masasi, wapendwa wa Mueda na Pemba, wapendwa wa Nairobi, na ninyi ambao Bwana amewapeleka mbali hata nchi za theluji, nawasalimu nyote kutoka Awasse, hapa njia panda: barabara moja inakwenda Mueda, moja Macomia, moja Mocímboa da Praia. Somo hili nililisema kwa mdomo mbele ya wanandoa wetu wakati wa kipupwe, na ndugu wanaoandaa gazeti la maadhimisho wakaomba liandikwe. Nimeliacha karibu kama lilivyosemwa. Kwa hiyo ukiona nauliza "Amina?", wewe itikia tu hapo ulipo.

Somo lenyewe ni hili: msimu huu wa baridi, mfurahishe mwenzako. Basi. Kama una haraka, unaweza kufunga gazeti sasa ukaenda kufanya. Lakini najua wengi wetu tukiambiwa "mfurahishe mwenzako" tunauliza, "Kwa pesa gani, Mwinjilisti?" Ndiyo maana naomba uendelee kusoma.

Fungua Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 5. Pale sheria inasema kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asiende na jeshi vitani, wala asipewe shughuli nyingine yoyote. Akae nyumbani mwaka mzima. Akae kufanya nini? Amfurahishe mke aliyemwoa. Umeona? Taifa liko vitani, wanajeshi wanatakiwa, na Mungu anasema huyu mwacheni, ana kazi nyumbani. Machoni pa Mungu, kumfurahisha mke ni kazi. Si mchezo wa vijana wa mjini, si mambo ya sinema. Ni kazi inayotosha kumwondoa mtu kwenye orodha ya jeshi. Amina?

Sasa sisi wa huku neno vita hatulisomi kwenye Biblia tu. Vita ilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi wa nane mwaka 2020 mji ule ukatekwa, ukakaa mikononi mwao mwaka mzima hadi Agosti 2021. Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Katika mkoa wetu wa Cabo Delgado watu waliokimbia makwao walifika karibu milioni moja. Hapa Awasse hata kituo cha umeme kiliharibiwa, wilaya za kaskazini zikakaa gizani.

Tumerudi, Mungu ni mwema. Tumejenga tena nyumba, tumefyeka mashamba yaliyogeuka pori, kanisa linaimba. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wengi bado hatujakijenga, nacho hakionekani ukipita barabarani. Fikiri: mume na mke wamekaa miaka kambini au kwa ndugu, familia tatu chumba kimoja, watoto wamelala katikati, wageni wamelala mlangoni. Wakajifunza kuishi kama kaka na dada. Wakazungumza habari za mahindi ya msaada, habari za foleni ya maji, habari za nani amekufa. Kisha wakarudi nyumbani, wakapata chumba chao, na mazungumzo yakabaki yale yale: unga umeisha, mtoto anakohoa, bati linavuja. Hawagombani. Ukiwauliza watakwambia, "Tuko salama, Mwinjilisti." Kweli wako salama. Lakini hawajacheka pamoja tangu lini?

Ndoa ya namna hiyo haivunjiki kwa kelele. Inapoa taratibu kama chai. Na siku mmoja akikutana na mtu wa kumchekesha njiani, hapo ndipo mchungaji anaitwa usiku. Sisi watumishi tumechoka kuitwa usiku, wapendwa. Afadhali tufundishe mchana.

Kwa nini nimechagua kipupwe? Kwa sababu mwezi wa sita hadi wa nane Mungu mwenyewe ametupunguzia kazi. Mpunga umevunwa, mahindi yako ghalani, na mikorosho itatuita baadaye. Upepo wa kusi unavuma, asubuhi mtu hataki kutoka. Na usiku ni mrefu. Saa yetu ya Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo huku mwezi wa sita jua linazama mara tu baada ya saa kumi na moja jioni. Ndugu zetu wa Mtwara wanalihesabia saa kumi na mbili na kitu, lakini jua ni lile lile na usiku ni ule ule, unapita saa kumi na mbili. Utafanya nini na usiku wote huo? Utalala tu? Utashika simu hadi chaji iishe?

Mhubiri sura ya 4, mstari wa 11, anasema wawili wakilala pamoja hupata joto, na anauliza mtu akiwa peke yake atapataje joto. Lakini angalia, unaweza kulala kitanda kimoja na mtu ukawa peke yako. Wengine hapo mnanielewa. Joto analolisema Mhubiri si la blanketi peke yake.

Haya, tuje kwenye matendo. Vijana wanaita "mtoko", mume na mke kutoka pamoja wakafurahi. Mimi nasema mtoko unaweza kufanyika hata bila kutoka uani. Nawapa mitoko sita ya kipupwe. Hakuna hata mmoja unaohitaji hoteli.

Mtoko wa kwanza ni moto wa uani, na mwanamume ndiye anayepika. Watoto wakishakula na kulala, bakisheni makaa. Fukia viazi vitamu kwenye majivu, au choma muhogo, au kaanga karanga mpya. Kaeni wawili, mle kwa mikono. Baba, nisikilize vizuri hapa: usimwambie mama, "Leo tunafurahi, kalete kuni, kalete maji, kaanga karanga." Huyo mama tangu alfajiri ameteka maji, ametwanga, amepika, ameosha. Ukimwongezea kazi ukaiita mtoko, atafurahi wapi? Soma Yohana 21. Wanafunzi wametoka ziwani alfajiri wamechoka, na wanamkuta Bwana aliyefufuka ameshawasha makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Bwana wa mabwana amepika! Wewe ni nani hata ushindwe kugeuza muhogo? Mwambie jirani yako: geuza muhogo. Kama unasoma peke yako, jiambie.

Mtoko wa pili ni chai na maswali. Chemsha mchaichai au tangawizi, mimina vikombe viwili, na kila mmoja amuulize mwenzake maswali matatu. La kwanza: wiki hii ni kitu gani kilikufurahisha? La pili: ni kitu gani kilikuelemea ambacho hukusema? La tatu: mwaka huu unatamani tufanye nini sisi wawili? Mwenzako akijibu, usimkatize. Usimpe mahubiri. Wanaume tunapenda kutengeneza kila kitu: mke anasema "nimechoka", sisi tunaanza kutoa mpango kazi. Hapana. Kunywa chai. Sikiliza. Na sheria moja: mkiwa kwenye kikombe hicho, habari za madeni na ada za shule zinasubiri kesho. Zitakuwepo tu, hazina pa kwenda.

Mtoko wa tatu ni kutembea jua likiwa juu. Kipupwe kina zawadi yake: saa za mchana jua ni laini, halichomi kama la mwezi wa kumi na moja. Chagua siku moja, valieni vizuri, kwenda pamoja. Unaweza kwenda naye hadi njia panda mkanywa kitu na kuangalia magari ya Mueda na Mocímboa yakipita. Unaweza kwenda naye shambani, lakini si kulima, kwenda kuangalia tu. Simameni chini ya mkorosho uliopona, mseme asante Yesu. Lakini kwetu huku tufanye hivyo kwa akili. Fuateni njia inayopitwa na watu kila siku, mrudi kabla ya jua kuzama, na mkiona chuma msichokijua, msikiguse. Mtoko wa kipupwe unaishia nyumbani, si porini. Na mume asitangulie mita hamsini mbele kama anafukuzwa na mbwa. Tembeeni sambamba. Watu watashangaa siku ya kwanza, ya tatu watazoea, ya tano watawaiga.

Mtoko wa nne ni mchezo na kicheko. Mwanzo 26, mstari wa 8: mfalme Abimeleki anachungulia dirishani anamwona Isaka anacheza na Rebeka, na kwa mchezo ule tu akajua huyu si dada yake, ni mkewe. Hebu jiulize: mfalme akichungulia dirishani kwako leo, atajua huyo ni mkeo, au atadhani ni shemeji amekuja kusalimia? Chimbeni mashimo ya bao uani, mtafute kete, mcheze. Tegeaneni vitendawili kama mlivyotegewa na bibi zenu usiku wa baridi. Mwigizeni mchungaji anavyohubiri, nawapa ruhusa. Najua mtu atasema, "Mwinjilisti, bao tena?" Sikusema mcheze madhabahuni. Nimesema mume na mke wacheze nyumbani kwao.

Mtoko wa tano ni kusimuliana hadithi yenu. Huu nimeuona unafanya kazi kuliko yote. Wengi wetu picha za harusi ziliteketea pamoja na nyumba. Vyeti viliungua. Hatuna albamu ya kufungua. Basi fungueni midomo. Kila mmoja asimulie: nilikuona wapi mara ya kwanza, ulivaa nini, nani alipeleka posa, siku ya harusi nani alichelewa, chakula gani kilipungua. Mama mmoja wa ushirika wetu aliniambia kwamba baada ya miaka mingi ya ndoa alisikia kwa mara ya kwanza kuwa mumewe alikwenda kwao mara tatu na kurudi bila kubisha hodi, kwa woga. Mara tatu! Akasema alicheka mpaka akalia. Yule bwana alikuwa na hadithi hiyo kifuani miaka yote, vita ikapita juu yake, moto ukapita, nayo haikuungua. Na watoto wakiwa macho, waacheni wasikie. Wengi wamezaliwa safarini, hawajui kwamba baba na mama waliwahi kuwa vijana.

Mkifika sehemu ya uchungu, maana mtafika, kuna jina la mtoto au la ndugu ambalo halitajwi nyumbani, msilikimbie. Shikaneni mikono. Mkilia, lieni wawili. Hilo nalo ni joto.

Mtoko wa sita ni zawadi ya joto. Paulo akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo, 2 Timotheo 4, na katikati ya mambo mazito ya imani anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, tena anamsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya majira ya baridi. Mtume mkubwa, na bado anasikia baridi, na bado anamhitaji mtu wake. Kwa hiyo usiseme mkeo ni wa kiroho hahitaji sweta. Pita kwenye nguo za mtumba, zile tunazoita huku kalamidade, mchagulie sweta moja zuri. Au nunueni kapulana moja mjifunike wawili asubuhi mkisoma Neno. Mama nawe, mume wako anayetoka alfajiri kwenda baharini au kuendesha pikipiki ya abiria kwenye upepo wa kusi, mfungie shingoni kitambaa kwa mikono yako mwenyewe. Atakikumbuka njiani kutwa.

Hapa niweke onyo, na ndugu wa Mueda, Njombe na Limuru mlishike sana kwa sababu baridi yenu ni kali. Msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango na madirisha ili mpate joto. Mkaa unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Moto ukae uani. Mkiingia kulala, jiko libaki nje. Chumbani mna joto lenu, Mhubiri ameshasema.

Na kwa kuwa nimetaja chumbani, Biblia haioni haya. Paulo katika 1 Wakorintho 7, mstari wa 5, anawaonya wanandoa wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, ili waombe. Tuliokaa kambini miaka tunajua ukuta ulioingia hapo. Ukuta huo haubomolewi kwa amri. Unabomolewa kwa muhogo, kwa chai, kwa kicheko, kwa kapulana. Ndiyo maana nimeanza huko. Baba, usitake mavuno ambayo hukupanda.

Sasa wenzetu mliotengana. Kuna mume yuko Pemba kikazi, mke yuko hapa. Kuna mama amekwenda kufanya kazi Ghuba, baba analea watoto Mtwara. Mtoko wenu ni wa simu, lakini mpange kama watu wenye miadi. Kubalianeni siku na saa, na msisahau tofauti ya saa za nchi. Kila mmoja achemshe chai yake, muanze kunywa pamoja. Dakika za mwanzo zisiwe za "nitumie pesa" na "pesa umezifanyia nini". Ulizeni yale maswali matatu. Kama mtandao ni mbovu, rekodi sauti yako, mwombee kwa jina, umtumie, asikilize usiku.

Ninyi wa Ulaya na Marekani Kaskazini, kipupwe chenu kinakuja Desemba hadi Februari wakati sisi tunatoka jasho. Nasikia London mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Nyumba zina joto la mitambo, lakini mmoja anatoka zamu ya usiku, mwingine anaingia zamu ya asubuhi, mnapishana mlangoni kama walinzi. Kwenu mtoko wa kwanza ni kutafuta saa moja kwa wiki ambayo wote mko macho. Wekeni simu kwenye droo, songeni ugali pamoja, mle sahani moja. Theluji ikianguka, vaeni vizuri mtoke mkaikanyage kama watoto, mpige picha mtutumie. Sisi wa Awasse tutacheka, nanyi mtakuwa mmecheka kwanza.

Wachumba nao msinisonye, sijawasahau. Mitoko yenu ni ya mchana, mahali pa wazi, wazazi na kanisa wakijua. Tembeeni juani, ulizaneni maswali, simulianeni mlikotoka. Baridi si sababu ya kujifunika kapulana moja kabla ya siku yake. Mngojee. Kipupwe kinarudi kila mwaka.

Namalizia kwa kazi ya nyumbani, maana somo bila kazi ni kelele. Wiki hii utakayosoma gazeti hili, chagua mtoko mmoja katika hii sita. Mmoja tu. Usimtangazie mwenzako kwamba Mwinjilisti amesema, wewe fanya. Kama ni moto, uwashe wewe. Kama ni swali, uulize wewe kwanza. Mwenzako akishangaa akakuuliza, "Leo kuna nini?", usiogope. Anauliza kwa sababu ni siku nyingi. Mwambie, "Hakuna kitu, nimekaa tu na wewe."

Na tuombe. Baba katika jina la Yesu, wewe uliyetulinda barabarani, porini na kambini, ulituokoa wawili wawili. Walio wajane kati yetu uwafunike kwa joto lako mwenyewe, na utufundishe kuwaita kwenye moto wetu wasikae peke yao. Walio mbali uwarudishe salama. Na sisi tuliorudi chini ya paa moja, utupe kuonana tena uso kwa uso. Watoto wetu walale wakisikia baba na mama wanacheka uani. Amina.